Kaja kwangu, kalala kwenye filamu, kaamka kumtukana mke wangu, halafu katoa 2 kati ya 10

Baba_Projekta:

Wakuu, naandika nikiwa sebuleni maana chumbani pamefungwa kwa ndani. Shuka niliyotundika ukutani bado ipo, vyombo havijaguswa, na sinia la sambusa limejaa kama lilivyotoka jikoni. Mtaelewa kwa nini.

Simtaji. Hana haja ya kutajwa. Ni yule yule. Wa "filamu hii nimeizima katikati". Wa "nyie mnapenda vitu rahisi". Yule ambaye akienda peponi ataandika mapitio ya mlango. Mnamjua wote, na wengine mliwahi kumpa like, Mungu anawaona.

Nilialika watu tuone Theatre of Blood. Filamu ya Kiingereza ya 1973, mwongozaji Douglas Hickox. Staa ni Vincent Price, Mmarekani, ila akianza kumwaga Shakespeare utaapa kanyonyeshwa kwa maji ya mto Thames. Humo ni Edward Lionheart, mwigizaji wa jukwaani ambaye wahakiki wa London walimponda msimu mzima, kisha tuzo wakampa kijana. Akajirusha mtoni mbele ya macho yao. Wakajua kafa. Hakufa! Karudi kuwamaliza mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa kifo cha kwenye tamthilia za Shakespeare. Unacheka, unafumba macho, unacheka tena huku unajiuliza wewe ni mtu wa namna gani.

Sasa huyu bwana kalala. Yule mhakiki wa kwanza anachomwa visu na walevi, mambo ya Julius Caesar hayo, yeye tayari anakoroma. Nikasema sawa, mgeni kachoka, mwacheni.

Tukafika kwa mhakiki anayeigizwa na Robert Morley. Walioona wanajua. Bwana mnene, mlafi, ana vijibwa viwili vya manyoya anavyoviita watoto wake. Lionheart anamwingilia nyumbani kajifanya mpishi wa televisheni, anamkalisha mezani, anamlisha pai. Mzee anasifia, anaongeza. Kisha anafunuliwa sinia: vichwa vya wanawe. Ile ya Titus Andronicus, malkia anapolishwa watoto wake ndani ya pai.

Sebule kimya. Watu midomo wazi. Na mke wangu, masikini, ndiyo kwanza anapitisha sambusa za nyama.

Jamaa KAAMKA. Muda wote kalala, kaamka hapo. Kachukua sambusa moja, kainyanyua kwenye mwanga wa projekta, kivuli chake kikatua ukutani kikubwa kuliko kichwa cha Vincent Price, akaigeuza taratibu, upande huu, upande huu. Akasema:

"Shemeji, mbona leo Bosi sijamsikia kubweka?"

Bosi ni mbwa wetu, wakuu. MBWA WETU.

Watu wakarudisha sambusa. Moja moja, kwa adabu, kama wanarudisha mchango. Mama mmoja, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kaitema kwenye leso. Na Bosi yupo nyuma ya nyumba mzima kabisa! Nikaenda nikamleta sebuleni watu wamwone! Kaingia kakanyaga waya, projekta ikazimika, nikabaki gizani nimemshika mbwa.

Na hajamaliza. Tumewasha tena, filamu imeisha, kaniambia mbele ya wageni "2 kati ya 10". Eti haijijui ni ya kutisha au ya kuchekesha. Eti damu ni rangi ya geti. Eti Shakespeare kakosewa, kwa sababu Shailoki, yule mkopeshaji wa kwenye tamthilia, hakuwahi kukata ile nyama ya mdeni wake. Ndugu yangu! Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, nani hajaisoma? Kila mtu anajua Porshia kamzuia: kata ratili yako, damu isidondoke. Lionheart kaibadilisha MAKUSUDI, Shailoki wake anaondoka na moyo wa mtu. Na humo humo kwenye filamu kuna mhakiki anasema ni Lionheart tu mwenye ujeuri wa kumsahihisha Shakespeare. Ungekuwa macho ungesikia!

Lakini hayo yote nasamehe. Kivuli cha ile sambusa sisamehi. Kaigeuza upande huu, upande huu.

Uzi tayari.

siti_ya_mbele: Nimevuta kiti. Kwanza kabisa, Bosi anaendeleaje?

Kondakta_Mstaafu: Pole mkuu. Huyo mtu namjua, alikuja kwenye arobaini ya mjomba wangu akasema wali haukuwa na hadithi.

mwana_Tanga: Simtetei, ila kwenye filamu ana hoja. Ukiona vifo vitatu umeshapewa ratiba ya vilivyobaki. Mhakiki anadanganywa, Lionheart anavua wigi, shairi, mtu anakufa, polisi wanafika na daftari. Halafu yule msaidizi wake mwenye masharubu na miwani myeusi, hata Bosi angejua kuwa ni Diana Rigg, yule binti yake humo.

Zawadi_wa_Ubungo: Ahsante sana kwa kunimalizia filamu. Nilikuwa naishusha sasa hivi, imefika nusu.

mwana_Tanga: Ni ya 1973 dada. Ulikuwa unasubiri nini?

Zawadi_wa_Ubungo: Nilikuwa sijazaliwa!

nusu_kaputi: Mimi naipenda ila ile ya walevi mwanzoni inanishinda. Michael Hordern kavaa koti lake zuri, kaja kuwafukuza watu kwenye jengo bovu, wanamzunguka, wanamchoma na chupa na visu, inachukua muda, anatembea nayo ile damu. Nilikuwa nasubiri kuambiwa wapi nicheke. Sehemu ya saluni ndiyo filamu yenyewe. Vincent Price kavaa wigi la afro, anamtengeneza nywele Coral Browne, mpaka anamkaanga na mashine. Na mwaka uliofuata, 1974, akamuoa huyo huyo. Wanaume wengine mnahangaika na maua.

Mpinga_Uhondo: Projekta, shuka, Shakespeare, sambusa. Mkuu, ulikuwa unatafuta cheo gani? Siku nyingine weka mpira, watu wale, waende zao.

Baba_Projekta: Mnajadili masharubu na saluni. Mtu kanyanyua sambusa ya mke wangu mbele ya wageni kauliza mbwa yuko wapi. Kivuli kilikuwa UKUTANI.

siti_ya_mbele: Tumesikia kuhusu kivuli mkuu. Hujatujibu kuhusu Bosi.

mie_wa_Mombasa: Wewe afadhali, wako alala. Mie nna shemeji yangu hapa, tukikaa kutizama hanyamazi. "Huyu nani? Yuwaenda wapi? Mbona amevaa vile?" Kwani mie ndiye niloitunga? Juzi ameniuliza kama yule mzee atakufa, nikamwambia sijui, akaninunia kwa kuwa namficha.

Kondakta_Mstaafu: Hao wa kuuliza ni nafuu. Kuna wale wa simu. Mtu anapokea katikati ya filamu, anaongea mpaka bei ya kiwanja, halafu anakwambia "rudisha nyuma kidogo".

wa_Zombi: Mnapoteza muda. Waingereza wametengeneza filamu moja tu ya kutisha na kuchekesha, Shaun of the Dead, 2004, Simon Pegg na Edgar Wright. Wanamtwanga mzee zombi na fimbo za pool ndani ya baa huku Queen wanaimba. Hiyo ungewawekea, hata huyo mlalaji angekaa macho.

nusu_kaputi: Kwenye yako kuna watu wanapigana upanga huku wanaruka kwenye trampolini? Lionheart na mhakiki Devlin, wazee na adabu zao, wanarushwa juu wanashuka wanachomana. Hakuna? Kaa chini.

wa_Zombi: Kwenye yangu wanawarushia zombi sahani za santuri, tena wanachagua kwanza zipi za kutupa na zipi za kubaki nazo. Kaa chini wewe.

Mpinga_Uhondo: Mimi filamu ya kuogopesha huku nacheka siielewi. Nikiogopa niache niogope. Huwezi kunitisha na kunitekenya kwa wakati mmoja.

mgeni_mpya_77: Sambusa zilizidi chumvi. 3 kati ya 10.

Baba_Projekta: NI YEYE. Ni yeye huyo, jamani mwoneni! Kafungua akaunti nyingine!

mwana_Tanga: Zimepata 3, filamu ilipata 2. Mwambie shemeji afungue mlango, kashinda.

Mama_Vitumbua: Mleta uzi, mkeo anaweka nyama au anaweka kumbukumbu ya nyama? Siku hizi huku kwetu sambusa unauma kona ya kwanza hewa, ya pili kitunguu, ya tatu umeshaimaliza. Ukimuuliza muuzaji anakwambia nyama imepanda bei. Imepanda ikaenda wapi sasa?

Zawadi_wa_Ubungo: Afadhali hewa. Pale stendi wanaweka viazi halafu wanaita za nyama.

Mama_Vitumbua: Na manda zenyewe nene utadhani unatafuna bahasha. Manda inatakiwa uone mkono wako upande wa pili. Anazisukuma mwenyewe au ananunua?

mie_wa_Mombasa: Za kununuliwa hizo. Sambusa ya Bara ni mkate uliokunjwa.

Kondakta_Mstaafu: Ewaa, tumeanza! Mombasa mnakaanga kwa mafuta ya juzi halafu mnasema ndiyo ladha.

Baba_Projekta: Jamani. Uzi wangu ni wa mtu aliyemdhalilisha mke wangu.

Mama_Vitumbua: Tunamzungumzia huyo huyo mkeo. Anapokea oda? Nina shughuli Jumamosi.

mtu_wa_Muscat: Mimi niko mbali, sambusa zenu nazisoma tu. Nauliza, hiyo projekta unaikodisha? Mdogo wangu yuko Temeke ana sherehe.

Kondakta_Mstaafu: Usimkodishe mtu! Nilimwazima jamaa yangu ya kwangu aoneshe picha za harusi, imerudi bila rimoti na bila kifuniko cha lenzi. Nikimpigia anasema rimoti ilikuja hivyo hivyo.

Zawadi_wa_Ubungo: Ilikujaje hivyo hivyo wakati haikuja?

Kondakta_Mstaafu: Ndiyo nawauliza nyie! Tena ngoja nimfungulie uzi wake.