Mjadala: The Lion King ya jukwaani imeimbwa kwa Kijerumani na Kijapani. Kiswahili je?

Wadau, salaam. Nina jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi, nalileta hapa tulijadili.

Nilimpeleka mtoto wa kaka yangu, ana miaka tisa, kuangalia The Lion King pale Lyceum, London. Onyesho hilo limo ukumbini humo tangu 1999. Filamu ya katuni ilitoka 1994, wakaipandisha jukwaani New York mwaka 1997, na mpaka leo watu wanapanga foleni. Mtoto kazaliwa hukuhuku Uingereza. Kiswahili chake ni cha kuamkia wakubwa na kuomba chai.

Tuliketi kiti cha pembeni, karibu na njia. Taa zikazimwa, mwanamke aliyepakwa rangi usoni akapaza sauti, na kabla sijakaa sawa tembo akapita ubavuni kwetu. Tembo wa mianzi na kitambaa, mtu mmoja katika kila mguu, anatembea taratibu kama anayejua mahali anapokwenda. Ningenyoosha mkono ningemgusa. Mtoto alinishika kiganja, hakusema kitu. Akakaa kimya hivyo mpaka fisi walipotokea na mmoja wao akaitwa kwa jina lake: Shenzi.

Akaniinamia sikioni: "Shangazi, si uliniambia hilo neno ni baya?"

Nilicheka, tena kwa sauti. Nikageuka na kuona kwamba katika ukumbi wa watu kama elfu mbili nimecheka peke yangu. Kwa wengine lile lilikuwa jina tu. Hapo kicheko kikaniishia. Nilikuwa nimekaa ndani ya hadithi ambayo shujaa wake anaitwa Simba, mganga wake anaitwa Rafiki, ngiri wake anaitwa Pumbaa kwa sababu kweli amepumbaa, mama yake Simba anaitwa Sarabi, yaani mazigazi, lile jua linalokuonyesha maji pasipo na maji. Na wenye maneno hayo mle ndani tulikuwa wawili, mmoja wetu akiuliza kama ataadhibiwa kwa kuyasikia.

Wakati wa mapumziko mama mmoja wa nyuma yetu, mtu mwema kabisa, akaniuliza wimbo wa mwanzo unasemaje kwa Kiswahili. Nikamwambia kile ni Kizulu, na kwamba neno lile "ingonyama" ndilo simba kwao. Mwenye sauti zile za kwaya ni Lebo M wa Afrika Kusini. Mama akashangaa. Alidhani Kiswahili ndicho kinachoimbwa mle ndani, kumbe Kiswahili kimewekwa kwenye majina na kwenye maneno mawili matatu, halafu basi.

Sasa hoja yangu. Onyesho hili limechezwa kwa Kijapani tangu 1998, kwa Kijerumani kule Hamburg tangu 2001, na kwa Kikorea, Kifaransa, Kiholanzi, Kihispania, Kichina na Kireno. Filamu yenyewe ilitiwa sauti za Kizulu. Watu zaidi ya milioni 100 duniani wameliona jukwaani. Kiswahili kimewapa jina la mhusika mkuu, lakini kwenye orodha ya lugha za onyesho hakimo. Mimi nasema lichezwe kwa Kiswahili, Dar au Nairobi au Mombasa, na waigizaji wetu, na hadhira yetu ndiyo iseme kama linafaa.

Najua wapo watakaosema tulisusie. Mwaka 2018 kulikuwa na ghadhabu kubwa watu walipogundua kwamba Disney, wenye filamu na onyesho hili, wamesajili "Hakuna Matata" kuwa alama yao ya biashara kwenye nguo huko Marekani. Waliomba 1994, wakapewa 2003. Maelfu ya watu walitia saini kupinga, na mimi nilitia saini. Them Mushrooms waliimba maneno hayo kwenye Jambo Bwana mwaka 1982, miaka kumi na miwili kabla ya filamu. Ghadhabu ile ilikuwa ya haki, na bado ninayo. Lakini kususa kunamwachia mwenzio neno lako alitumie atakavyo. Kulirudisha ni kulitamka wewe mwenyewe, mbele ya watu wanaojua maana yake.

Tena kazi yenyewe ni nzuri, lazima niseme ukweli. Niliingia nikidhani nitaona katuni iliyovalishwa watu. Sivyo. Mwongozaji wake, Julie Taymor, hakumficha mwigizaji. Kinyago cha Mufasa, baba yake Simba, kinakaa juu ya kichwa, uso wa mtu unaonekana chini yake, na akikasirika kinyago kinashuka mbele ya uso kama simba anayetaka kurarua. Twiga ni watu juu ya mironjo minne. Mufasa akifa, majike wanaomboleza kwa kuvuta tepe ndefu nyeupe kutoka machoni mwao, na hakuna anayecheka. Ukame unaonyeshwa kwa kitambaa cha buluu kilichotandazwa sakafuni kama bwawa, kikivutwa kidogo kidogo kupitia tundu katikati mpaka kiishe. Filamu ni ya dakika 88. Onyesho ni la saa mbili na nusu, na muda ule wote wa ziada wameujaza vitu vya jukwaani ambavyo kamera haina. Taymor alipata tuzo ya Tony, ile ya maonyesho ya jukwaani ya New York, mwaka 1998, mwanamke wa kwanza kuipata kwa kuongoza onyesho la muziki, na aliistahili. Mzee mmoja tuliyetoka naye alikuwa akilalamika kwamba "si kama filamu". Nilitamani kumwambia, baba, filamu unayo nyumbani.

Suala ni tafsiri, na hapa ndipo ninapotaka akili zenu. Maneno yetu ni marefu. Wimbo wa ufunguzi, "Circle of Life", una silabi nne tu kwenye kichwa chake. Ukisema "mzunguko wa maisha" umeshaupita mdundo. Wenzetu walifanyaje? Wajerumani waliandika "Der ewige Kreis", yaani duara la milele. Maisha wakayaacha nje. Wafaransa wakaandika "L'histoire de la vie", hadithi ya maisha, duara wakalitupa. Kila mmoja alichukua kinachokaa mdomoni mwa watu wake. Nimekesha usiku mbili nikipiga meza kwa kidole, na jibu langu ni hili: "Dunia duara." Silabi sita, na kila mtu analijua tangu utotoni.

Naomba maoni.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam:

Dada, umeandika vizuri, lakini napingana nawe. Pesa za kununua kibali, kutengeneza hao tembo, kukodi ukumbi na kuwalipa watu mwaka mzima, si afadhali zipewe kazi zetu? Ebrahim Hussein katupa tamthilia ya Kinjeketile tangu 1969. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kipo tangu 1981, kinatoa wacheza ngoma na waigizaji kila mwaka, wakimaliza wanahangaika na harusi na matangazo. Tuna hadithi za Liyongo, tuna Majimaji, tuna mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Wewe unatuambia tukaazime simba kwa Mmarekani, na simba yuko Serengeti? Na tuwe wakweli, mtu wa Manzese hatalipa kiingilio hicho. Litakuwa onyesho la wenye magari.

Halafu hiyo "dunia duara" yako. Mtu akikuambia dunia duara, anakutisha. Maana yake umenitenda, na wewe zamu yako inakuja. Utaimba hivyo mbele ya kichanga kilichozaliwa leo?

Mchangiaji kutoka Mombasa:

Dadangu, mimi naunga mkono kwa mikono miwili, ila nina neno. Humu ndani huwa kila mara watu wanasema "hakuna matata" si Kiswahili halisi, ni cha watalii. Jamani! Matata ni neno letu. Mamangu akitutuma dukani husema "na msilete matata". Mimi nimefanya kazi ya hoteli ufuoni miaka kumi na moja, na ni kweli tulifunzwa kumwambia mgeni "hakuna matata" hata maji ya bombani yakikatika. Neno lilichoka kwa kutumiwa hivyo. Lakini neno kuchoka si neno kufa. Likiimbwa na Mswahili mbele ya Waswahili huenda likapona.

Mimi tena, mwanzisha mada:

Ahsanteni sana. Kaka wa Dar, umenipiga penye mfupa, niruhusu nijibu.

Kuhusu kuazima: Mwalimu Nyerere alikuwa na nchi changa mikononi, na bado alikaa chini akamtafsiri Shakespeare, tafsiri ya Julius Caesar ikatoka 1963 na Mabepari wa Venisi 1969. Mwaka uleule wa Kinjeketile, kaka. Hakuna kilichomzuia mwenzake. Mwaka 2012 waigizaji wa Kenya walipanda jukwaa la Globe, London, wakacheza igizo la Shakespeare kwa Kiswahili kitupu mbele ya Waingereza, na Waingereza walicheka pale walipotakiwa kucheka. Na huko nyuma kwenye vibanda vya video, sisi tuliokulia uswahilini tuliangalia filamu za Kihindi na za kareti tukimsikiliza Lufufu akizitafsiri papo hapo, na wenzetu wa Kenya wakimsikiliza DJ Afro. Mtu alikuwa anachukua filamu ya watu, anaipa majina ya mitaa yetu, anaitia matusi ya heshima, na watu wanatoka wakisimulia ya Lufufu kuliko ya mwenye filamu. Hadhira yetu ina mazoea ya kukipokea cha mgeni na kukigeuza chake. Hii si aibu. Ni ufundi, na hatujawahi kuupa jukwaa kubwa.

Kuhusu pesa sina ubishi, ni nyingi. Lakini yapo matoleo mafupi ya onyesho hili yaliyotengenezwa kwa ajili ya shule, la nusu saa na la saa moja. Kibali cha maonyesho ya aina hii hakimruhusu mtu kubadili maneno kwa kupenda kwake, kwa hiyo ruhusa ya tafsiri lazima iombwe, na ndiyo maana nataka tuwe wengi tunaoiomba. Nikichagua mahali pa kuanzia, nachagua darasa la tano la shule ya msingi, tembo wa maboksi na makuti, kabla ya ukumbi wa wenye magari.

Kwaya za Kizulu zibaki Kizulu, na hilo naomba tusilibishanie. Ni jasho la Waafrika Kusini. Tena wameshadhulumiwa: Solomon Linda, mtunzi wa huko, alirekodi "Mbube" mwaka 1939, wimbo uliozaa "The Lion Sleeps Tonight" unaosikika ndani ya The Lion King, dunia ikatajirika kwa wimbo wake, yeye akafa maskini, na familia yake ilipata suluhu na wenye haki mwaka 2006 tu baada ya kwenda mahakamani. Sisi tusije tukawafuta kwa furaha ya kujiandika.

Sasa "dunia duara". Kaka, umenifanya nisilale usiku wa tatu. Ni kweli, kwetu neno lile lina kidole kilichonyooshwa. Lakini hebu iangalie hadithi yenyewe. Scar anamuua ndugu yake Mufasa, anakalia kiti, nchi inakauka, na mwishoni yanamrudia. Mfalme anazaliwa mwanzo wa onyesho, na mwingine anazaliwa mwisho wake, mwamba uleule. Mtoto anainuliwa juu na kuambiwa dunia duara: kwa wazazi ni baraka, kwa Scar aliyesusa sherehe ni onyo. Kiingereza hakina neno linalobeba yote mawili. Sisi tunalo.

Na wewe kaka wa Mombasa, umenitatulia kitu ambacho kilinishinda. Ule wimbo wa "Hakuna Matata" kwa Kiingereza kazi yake ni kumfafanulia Simba maana ya maneno hayo. Ukiuimba kwa Kiswahili, unamfafanulia nani? Simba Mswahili anajua maana, hadhira inajua maana, wimbo unabaki hauna kazi. Nilikuwa nimekwama hapo. Lakini ukimfanya Timon, yule mwenzake Pumbaa, mtu wa Pwani, na Simba mtoto wa bara, mambo yanafunguka. Mtoto amekimbia kwao, amefiwa na baba, ana kiu. Timon anamwambia hakuna matata. Mtoto anauliza kwa adabu: "Si useme hamna shida?" Hapo Timon na Pumbaa wanaangaliana, halafu wanamweleza tofauti, wakishindana. Shida ni kukosa chakula. Matata ni ule msukosuko mwingine, wa moyo, uliokutoa nyumbani usiku. Na wimbo unaanza.

Nimemsomea mpwa wangu kipande hicho jana jioni kwenye simu. Akaniambia nirudie pale pa shida na matata, polepole. Nikarudia. Akauliza: "Na Shenzi tutamwitaje?"

Hilo nawaachia nyinyi. Mimi nimependekeza tumwache hivyohivyo, na kila anapotajwa watoto wote ukumbini wageuke kuwatazama mama zao.