Rapunzel's Revenge, Snow White au Fairy Tale Comics: nimchagulie mpwa wangu vipi?

Mjomba_Kibada:
Habari za jioni wadau. Mdogo wangu anarudi likizo kutoka Minneapolis na kwenye begi lake nimepewa nafasi ya vitabu viwili tu. Mpwa wangu anapenda sana katuni, na zile ngano za Ulaya anazijua kupitia filamu. Nimechuja nikabaki na Rapunzel's Revenge, Snow White ya Matt Phelan na Fairy Tale Comics. Kesho usiku natakiwa kutoa jibu ili viagizwe. Kipi kiachwe? Nawasilisha.

Mwl_Tabora:
Mkuu, mtoto ana miaka mingapi? Anajisomea Kiingereza mwenyewe au anasomewa? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

BintiKisauni:
Mwalimu ajibiwe, lakini kura yangu ni Rapunzel's Revenge na sibadilishi. Kilitoka 2008, wameandika Shannon na Dean Hale, mke na mume, na mchoraji ni Nathan Hale, ambaye si ndugu yao ingawa jina ni moja. Rapunzel wa humo hangoji mwana wa mfalme. Anatoroka mwenyewe, anaingia nchi ya vumbi na wachunga ng'ombe kama ile ya magharibi ya Marekani, na misuko yake mirefu anaichapa kama mjeledi na kunasia watu kama kamba. Msichana akisoma hicho anakaa wima.

FundiVitabu:
Vyovyote mtakavyochagua, mwambieni huyo ndugu aangalie anaagiza kwa nani. Mwaka jana nilimwagizia mwanangu Cinderella ya katuni kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Picha ya jalada ilikuwa safi na bei ilivutia. Kilipofika nikakuta ni kurasa zilizopigwa picha kutoka kitabu kingine zikachapwa upya. Maneno ya upande wa ndani yamemezwa na mshono: mhusika anaanza kusema, nusu ya sentensi imeingia kwenye gundi. Rangi nazo zimefifia, usiku na mchana huwezi kutofautisha. Mtoto alikuwa ananiuliza kila ukurasa, "Baba, hapa anasema nini?" nami sina jibu. Kufika katikati karatasi zikaanza kuchomoka. Nilimwandikia muuzaji, akataka nimrudishie kitabu kwa gharama yangu, na nauli ilizidi bei ya kitabu chenyewe. Kwa hiyo kabla ya kulipa, angalieni jina la mchapishaji, idadi ya kurasa na namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu. Fairy Tale Comics ni ya First Second, Snow White ni ya Candlewick. Muuzaji asipoonyesha hayo, achaneni naye.

Mjomba_Kibada:
Samahani kwa kuchelewa. Ana miaka tisa, yupo darasa la nne, shule ya Kiingereza. Anajisomea ila polepole, aya ndefu zinamchosha.

Mwl_Tabora:
Basi Snow White ya Phelan isiachwe. Ni ya 2016, na hadithi imehamishiwa New York ya mwishoni mwa miaka ya 1920. Mama wa kambo ni nyota wa jukwaani, wale wafupi saba wamekuwa watoto saba wa mitaani, na mahali pa kioo ipo mashine ya kuchapa bei za hisa kwenye utepe wa karatasi. Maneno ni machache mno. Kurasa nyingi ni za kijivu, halafu ghafla unaona wekundu wa tofaa. Msomaji wa polepole humo hajisikii ameachwa nyuma, maana uso wa mtu na kivuli ukutani ndivyo vinavyosimulia.

BintiKisauni:
Mwalimu, kwa heshima zote, mtoto anayesoma polepole anahitaji maneno ayazoee. Na kile kitabu ni kizito, kina huzuni.

MzeeWaNgano:
Wanangu, mimi sipendi huku kuhamisha-hamisha. Mtoto aijue kwanza hadithi yenyewe ya ndugu Grimm, wale Wajerumani waliokusanya ngano, ndipo aletewe wachunga ng'ombe na New York.

Mwl_Tabora:
Mzee wangu shikamoo. Hadithi yenyewe ni ipi? Katika chapa ya 1812 aliyetaka Snow White auawe ni mama yake mzazi. Mama wa kambo aliingizwa baadaye, na akina Grimm wenyewe waliendelea kurekebisha mpaka chapa ya 1857. Mwisho wake malkia anachezeshwa dansi kwenye viatu vya chuma cha moto hadi afe. Hiyo tumsomee mtoto wa miaka tisa?

MzeeWaNgano:
Marahaba. Sisi tulisimuliwa zimwi linalomeza kijiji kizima na tulilala vizuri.

Nuru_Toronto:
Naongeza The Magic Fish ya Trung Le Nguyen, 2020, ila aisome akifika miaka 12 hivi. Kijana wa familia iliyotoka Vietnam anasomeana ngano na mama yake. Wakati wa sasa umepakwa nyekundu, zamani za mama njano, ngano zenyewe buluu, kwa hiyo hupotei hata hadithi ikiruka. Mzazi ajue mapema kwamba kijana anatafuta namna ya kuwaambia wazazi wake anapenda wavulana. Kwa sasa mpeni Fairy Tale Comics: ngano 17, wachoraji 17, zote fupi. Akichoka na moja anahamia nyingine.

FundiVitabu:
Humo mna hata sungura mjanja wa simulizi za Wamarekani weusi. Asili yake ni Afrika, mtoto atamtambua.

MzeeWaNgano:
Sasa mnaongea. Kwa nini sungura wetu asubiri begi la Minneapolis? Yule mchora katuni Gado aliwahi kuchora Abunuwasi, mjanja wetu mwingine, Sasa Sema ya Nairobi wakakichapa, Kiswahili tupu.

BintiKisauni:
Nilikisoma nikiwa shule! Tulikigombania darasani.

Mjomba_Kibada:
Abunuwasi hicho bado kinapatikana? Hata kilichotumika nachukua.

MzeeWaNgano:
Jaribu wauza vitabu wa mitaani pale Posta. Ukikuta viwili, kimoja nitunzie, nina wajukuu.