Tupeane uzoefu: leza ya makovu ya chunusi kwa ngozi zetu nyeusi

Mwangaluka ndugu zangu. Nipo Tabora mjini, Cheyo. Vijana wengi wanaulizia leza, ile mashine ya mwanga mkali, ya kuondoa mashimo ya chunusi, na wanaowajibu ni wauzaji tu. Tuliopita huko tuseme. Naanza mimi.

Nilikuwa na mashimo mashavu yote tangu kidato cha tatu. Nikajichanga mwaka mzima, nikaenda Dar kwenye saluni moja yenye mashine. Hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani, wala aliyejaribia sehemu ndogo kwanza. Wakanipaka ganzi, wakapiga uso mzima siku ileile. Ikanuka kama nywele zinazoungua. Siku ya tatu vikatokea vidoto vya kahawia vimepangana kwa mistari kama chekecheo, vikabanduka, chini ngozi laini. Nikafurahi kweli! Wiki ya nne yakaja mabaka meusi, nayo kwa mistari ileile. Miezi saba natoka nyumbani nimejitanda mtandio hadi machoni.

Daktari wa ngozi aliyenitibu baadaye ndiye aliyenieleza. Leza ya kaboni dioksidi huchemsha maji yaliyomo ndani ya ngozi mpaka yawe mvuke, ndiyo maana tabaka la juu linatoka. Ngozi yenye rangi nyingi ikiunguzwa hivyo hujihami kwa kutoa rangi zaidi. Nami nilipigwa kwa nguvu kubwa, kisha nikarudi kwenye jua letu hili bila kinga yoyote. Mabaka yamefifia, lakini mwaka wangu umeliwa.

Wa Ujiji:
Pole sana mleta mada. Mimi nilianza na daktari wa ngozi. Alinijaribia leza eneo la ukubwa wa sarafu chini ya taya, akaniambia nirudi baada ya wiki sita. Mume wangu alilalamika nauli, maana Kigoma hadi Dar si mchezo, lakini leo anashukuru. Daktari alitumia leza isiyochubua ngozi ya juu, mara nne, kila baada ya mwezi. Matokeo yalikuja polepole, miezi mitatu hivi baada ya mara ya mwisho ndipo nikaona tofauti. Mashimo mapana yamepungua, ukiniangalia dirishani kwa ubavu utaona. Yale membamba kama tundu la sindano leza haikuyafikia chini, akayatia asidi kwa ncha ya kijiti, tundu moja moja.
Nauza dagaa Kibirizi. Mwanga wa ziwani unakupiga kutoka juu na unarudi tena kutoka majini, kwa hiyo losheni ya kuzuia jua napaka hata siku ya mawingu, na kofia pana juu.

Wa Urambo:
Kwangu ni keloidi ya kifuani, yaani kovu linalovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Nilitaka leza, daktari akakataa, akasema mwili wangu ukijeruhiwa unajenga kovu kubwa zaidi. Akanichoma steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, ndani ya kovu lenyewe kila mwezi. Sindano ile inauma jamani, lakini kovu limelala na kuwasha kumeisha. Mwenye keloidi, au ndugu zake wanazo, aseme kabla mashine haijawashwa.

Wa Nzega:
Mimi nilifanyiwa vijisindano, yaani sindano ndogondogo za kutobolea ngozi ili ijijenge upya, si leza. Havina joto, hivyo hatari ya mabaka kwetu ni ndogo zaidi. Uso ulivimba siku tatu tu. Ila kile kigurudumu chenye vijisindano cha kujichoma nyumbani sikishauri, hasa cha kuazimana.

Wa Kasulu:
Naomba kuuliza. Nimetumia mkorogo miaka minne, nina mashimo na uso umekuwa mwekundu. Naweza kwenda moja kwa moja kwenye leza?

Mleta mada:
Hapana dada yangu, tafadhali. Mikorogo mingi ina steroidi kali, hidrokwinoni (dawa ya kung'arisha ngozi), mingine hata zebaki, na ngozi ikishakuwa nyembamba haivumilii moto. Usiache ghafla peke yako, uso unaweza kulipuka. Anzia hospitali ya mkoa ya Maweni, Kigoma mjini, uombe rufaa kwa daktari wa ngozi. Na usione aibu: beba makopo yenyewe, hata yaliyokwisha, umwekee mezani aone ulichokuwa unapaka.