Kaka ameachishwa kazi, madeni yamemzidi, na maneno yake yananitisha. Nifanyeje?

Dada wa Pipeline: Wadau, naombeni ushauri. Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi wa mitambo kiwandani Industrial Area hadi walipopunguza wafanyakazi. Kodi ya nyumba imelimbikizana, na mikopo ya simu anakopa huu alipe ule. Wadai wamempigia mpaka mama kijijini. Simu anailaza kifudifudi mezani, ikitetemeka, anashtuka. Juzi alimpa kijana wa jirani sanduku lake la spana, ambalo hata mimi sikuruhusiwa kuligusa, akaniambia, "Nisipokuwepo mtapumua." Naogopa kumuuliza waziwazi nisije nikamtia wazo. Wifi anasema ni mawazo tu, yatapita.

Nesi Mstaafu: Pole sana, mwanangu. Muulize leo, tena kwa neno lenyewe: "Kaka, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo, wengi hupata nafuu wakipata wa kumwambia. Kugawa kitu anachokithamini hivyo ni dalili kubwa. Akikubali, asiachwe peke yake hata dakika, ondoeni chochote anachoweza kujidhuru nacho, na mpelekeni Mathari, hospitali ya afya ya akili Nairobi, au hospitali iliyo karibu. Red Cross 1199 ni bure kupiga, na Befrienders Kenya ni 0722 178 177.

Baba Kayole: Msiogope polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Na hao wadai, kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza kumtisha mdaiwa au kuwasumbua watu walio kwenye simu yake. Hifadhini jumbe zote, mkalalamike.

Mwalimu Umoja: Deni lishughulikiwe pia, ushauri nasaha pekee hautoshi. Japani, baada ya msukosuko wa uchumi wa 1997, waliojiua walipita 30,000 mwaka 1998, na kila mwaka ikawa hivyo hadi 2011. Walitunga sheria ya kuzuia kujiua 2006, na 2010 wakazuia mikopo ya kampuni za kukopesha zisizo benki kuzidi theluthi ya mapato ya mtu kwa mwaka. Mwaka 2012 idadi ikashuka chini ya 30,000. Akishatulia, andikeni madeni yote pamoja, na wewe ndiye uongee na mwenye nyumba. Usiku huu hesabu zingoje.

Dada wa Pipeline: Nimemuuliza. Amenyamaza sana, kisha akakubali. Wifi yuko naye, natafuta teksi. Nibebe nini?

Nesi Mstaafu: Kitambulisho chake, namba ya SHA (bima ya afya ya serikali) kama amesajiliwa, na dawa zozote anazotumia. Daktari mwambieni maneno yake kama alivyoyasema, msiyapunguze.