Naomba ushauri: plasta ya saruji inabanduka kwenye kanisa letu la zamani

Habari zenu wakuu, nipo kwenye kamati ya ujenzi ya kanisa letu huku pwani, ni jengo la wazee, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Miaka michache nyuma tulimpa fundi mmoja kazi akabandua plasta yote ya chokaa akapiga saruji, juu akaweka rangi ya mafuta, likang'aa kweli watu tukafurahi. Sasa hivi ukuta umelowa mpaka usawa wa kiuno, chumvi nyeupe inatoka na plasta inadondoka vipande vipande, juzi kimoja kidogo kimpige mama wa kwaya.

Mwezi uliopita nikaenda Zanzibar nikapita kanisa la Mkunazini, lile la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873. Nalo la matumbawe na kweli nilikaa pale muda mrefu namuwaza babu aliyesaidia kujenga la kwetu. Fundi niliyemkuta huko akaniambia chokaa inaacha ukuta upumue, saruji inafungia maji ndani.

Sasa naomba msaada, tukibandua hii saruji si tutang'oa na mawe? Ukuta uachwe ukauke muda gani kabla ya kupiga chokaa, na chokaa ya kuloweka naipata wapi maana madukani naona ya mifuko tu? Wengine kwenye kamati wanataka tubomoe tujenge la tofali, mi roho inaniuma sana.