Chokoleti, chipsi na keki ndani ya kalori 1,650: mnavipangaje?

tulivu78

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wanaozijua vizuri hesabu za kalori. Mwanamke, miaka 34, kilo 78, urefu sentimita 165, kazi ya kukaa mezani. Kwa fomula ya Mifflin-St Jeor mwili ukiwa umepumzika tu unatumia kalori kama 1,480. Nikizidisha kwa 1.4 inakuja 2,070. Lengo nimeliweka 1,650 kwa siku.

Ratiba nyingi ninazoziona zimejaa mboga za majani na vidari vya kuku, vitamu vyote vimepigwa marufuku. Hiyo siitaki, maana chokoleti, chipsi na keki nitavila tu, kama si leo kesho. Ninachotaka kujua ni hiki: vitengewe kalori ngapi bila kuharibu mpango? Bora kidogo kila siku au kuviweka vyote siku moja? Na visivyo na lebo, hasa chipsi na keki za kutengeneza nyumbani, mnavipimaje?

gramu_kwa_gramu

Lengo lako liko sawa. 2,070 toa 1,650 ni 420 kwa siku, yaani 2,940 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zipatazo 7,700, kwa hiyo tarajia kupungua gramu 380 hivi kwa wiki. Ishike hiyo 420, kwa sababu ndiyo nafasi yote uliyonayo. Ukipitiliza kwa kiasi hicho kila siku bila kujua, hupungui hata gramu moja.

Kitamu kitengee 150 hadi 200 kwa siku, na siku ikizidi sana isivuke 250. Kwa nini si zaidi? Kwa sababu kuna vitu ambavyo lazima viingie kwanza. Protini kwa uzito wako ni gramu 95 hadi 125 kwa siku, na kila gramu ina kalori 4, kwa hiyo hapo tu zimeshaondoka 380 hadi 500. Bado mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa na mafuta kidogo. Ukimpa kitamu 500, kitakachokatwa ni protini na nyuzinyuzi, na hivyo ndivyo vinavyokushibisha. Saa nne usiku utakuwa umesimama mbele ya friji.

Kinachosaidia zaidi ya yote ni mpangilio wa kuandika. Anza na kitamu. Asubuhi kabla hujala chochote andika: chokoleti nyeusi gramu 20, kalori 120. Zimebaki 1,530, panga milo yako humo. Wengi wanafanya kinyume: wanakula milo, halafu jioni wanaangalia kama kuna kilichobaki. Kwa kawaida kinakuwa hakijabaki kitu, wanakula hivyo hivyo na hawaandiki.

Za kukata uzitafute kwenye mafuta ya kupikia, protini usiiguse. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni gramu 14 na kalori 120 hivi, sawasawa na zile gramu 20 za chokoleti. Mafuta ya aina yoyote ni kalori 9 kwa gramu, yawe ya mzeituni, ya alizeti au ya nazi. Mtu anajinyima chokoleti wiki nzima huku anamimina mafuta kwenye kikaango kwa kukadiria kwa jicho, vijiko vitatu vinakwenda na yeye kaandika kimoja. Hapo kuna 240 ambazo hazimo kwenye daftari, na lawama inakwenda kwa chokoleti. Weka chupa ya mafuta kwenye mizani ya jikoni, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, mimina, irudishe chupa. Mizani itaonyesha namba yenye alama ya kutoa mbele. Hiyo ndiyo uliyotumia.

Njia hiyo hiyo tumia kwa siagi ya karanga na kila kitu cha kwenye kopo. Kopo juu ya mizani, sifuri, chota, soma. Ikisoma −18 umechukua gramu 18, kalori 105 hadi 110. Fanya hivyo kabla hujalamba kijiko. Kijiko kilichojaa kilima kinafika gramu 30 kwa urahisi kabisa.

Chokoleti yenyewe: bamba la gramu 100 lenye vipande 24 lina gramu 4 na kidogo kwa kipande, kama kalori 23 hadi 25. Vunja vitano, weka kwenye kisahani, lililobaki lifunge na ulirudishe kabatini KABLA hujaanza kula. Ukikaa nalo mapajani, hesabu ya vipande inapotea.

Na lebo zisomwe kwa safu ya gramu 100. Safu ya "kwa mlo mmoja" inapangwa na mtengenezaji. Pakiti ya krispi ya gramu 150 itakuandikia kalori 160 kwa mlo wa gramu 30. Ukiimaliza pakiti umekula 800, nusu ya siku yako. Ukikuta wameandika kilojuli peke yake, gawanya kwa 4.2.

BiMizani

Nakubaliana na aliyetangulia. Mimi nijibu la kila siku au siku moja.

Zote mbili zinafanya kazi, maana mwili hauanzi hesabu upya saa sita usiku. Fikiria kwa wiki: 1,650 mara 7 ni 11,550. Tuseme Jumamosi una shughuli na unataka ule hadi 2,400. Umezidi 750. Zigawe kwa siku tano, 150 kila siku: siku tano za 1,500, siku moja ya 1,650, Jumamosi 2,400. Jumla ni ile ile 11,550. Hizo 150 zitoke kwenye wanga na mafuta, kwa mfano kijiko kimoja cha mafuta pamoja na nusu kipande cha mkate.

Usilolifanya, dada, ni kushinda na njaa Jumamosi yenyewe ili "kuhifadhi". Mtu anayefika mezani hajala tangu asubuhi hali 2,400, anakula 3,500. Kunywa chai asubuhi na kitu chenye protini, mchana kula kawaida ila kidogo, halafu nenda. Vilevile usianze kulipa baada ya kula. Kupunguza kabla ni kupanga. Kujiadhibu siku inayofuata kwa kula 800 kunakurudisha kwenye njaa, njaa inakurudisha kwenye kula ovyo, na mzunguko huo ni mgumu kuukata.

Jumapili asubuhi mizani ya mwili itapanda, pengine kilo nzima au zaidi. Usiogope, hiyo si mafuta. Kilo moja ya mafuta inahitaji ziada ya 7,700 juu ya matumizi yako ya 2,070, na wewe umezidisha 330. Uliloliona ni maji. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini unashika maji kama gramu 3 kwa kila gramu yake, chumvi nayo inashika maji, na chakula chenyewe bado kiko tumboni. Uzito huo unashuka ndani ya siku mbili hadi nne. Siku za kabla ya hedhi maji huongezeka pia, kwa hiyo linganisha wastani wa siku saba na wastani wa siku saba zilizopita, tena kwa mwezi mzima. Namba ya asubuhi moja haina la kukwambia.

Vinywaji navyo viangalie kwa jicho kali. Soda ya mililita 330 ni kalori 140 na sukari gramu 35 hivi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa 1,650 hiyo ni gramu 41. Soda moja imekula karibu yote, na haishibishi hata kidogo. Kwa maoni yangu kalori za kitamu zitumie kwa kitu cha kutafuna. Ukitaka soda, chukua isiyo na sukari.

kikaango_baridi

Chipsi niachieni mimi.

Viazi vya kuchemsha ni kalori 87 kwa gramu 100. Vikikaangwa ndani ya mafuta vinafika 310 hivi. Kinachotokea ni vitu viwili kwa pamoja: maji yanatoka yakiwa mvuke, na mafuta yanaingia kwenye matundu yaliyoachwa. Mafuta hukaa zaidi karibu na uso wa kiazi, kwa hiyo ukikata vyembamba unaongeza uso na unaongeza mafuta. Krispi ndizo mwisho wa njia hiyo, zinavuka 530. Kata vinene, unene wa kidole. Baada ya kukata osha wanga wa juu, kausha vizuri kwa kitambaa, na mafuta yawe ya moto sawasawa, nyuzi 175 hadi 180. Mafuta yasipopata moto viazi vinakaa muda mrefu vikinywa tu. Kosa la kawaida ni kujaza kikaango: joto linashuka ghafla na chipsi zinatoka laini, zinachuruzika mafuta. Kaanga kwa mafungu madogo, na ukizitoa zipukute na uziweke kwenye karatasi hapo hapo zikiwa za moto, maana mafuta mengi huvutwa ndani zinapopoa.

Kupima: pima sufuria na mafuta yake kabla, kaanga, acha yapoe kabisa, pima tena. Tofauti ndiyo iliyoondoka na chipsi, pamoja na kidogo kilichoruka au kubaki kwenye karatasi. Zidisha gramu hizo kwa 9, ongeza kalori za viazi vibichi, 77 kwa kila gramu 100.

Kama unataka kula nyingi zaidi kwa kalori hizo hizo, tumia oveni. Gramu 200 za viazi vibichi ni 154, kijiko kimoja cha mafuta 120, jumla 275, na unapata sahani inayoonekana. Vitandaze visigusane, nyuzi 220, dakika 30 hadi 35, geuza katikati. Pima vikiwa VIBICHI. Vikiiva vimepoteza maji mengi, na ukiingiza uzito wa vilivyoiva kwenye mstari wa "viazi vibichi" umejidanganya vibaya.

Mayonezi usisahau. Kijiko cha chakula ni kalori 95 hivi. Tomato sosi kijiko hicho hicho ni kama 15 hadi 20.

mtaratibu

Niongeze upande mwingine, kwa kuwa ushauri wa "kula kidogo kila siku" haumfai kila mtu. Kuna watu kwao vipande vitano vya chokoleti vinafungua mlango wa bamba zima. Kama ndivyo ulivyo kwa kitu fulani, usikiweke nyumbani. Nunua kimoja kidogo, ukile nje, kikiisha kimeisha. Vingine ambavyo havikuvuti hivyo vinaweza kukaa kabatini. Na kitamu ukile baada ya mlo wenye protini. Ukikianza tumbo likiwa tupu, gramu 20 hazionekani.

Vitamu vya "bila sukari" viangalie pia. Chokoleti ya maltitoli ina mafuta yale yale ya kakao, na maltitoli yenyewe ina kalori 2 na kidogo kwa gramu. Ukila nyingi tumbo linajaa gesi na unaharisha.

La muhimu zaidi: kama kuna vipindi vya kula kwingi bila kuweza kujizuia, mara moja kwa wiki au zaidi kwa miezi mitatu, hapo kuhesabu kalori kunaweza kuzidisha tatizo. Muone daktari au mtaalamu wa afya ya akili kwanza. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi asihamishe kalori toka siku hadi siku bila kuongea na daktari wake. Mjamzito na anayenyonyesha, mpango huu si wenu kwa sasa.

tulivu78

Asanteni sana, hiyo ya kuanza na kitamu nimeichukua. Bado keki. Nikioka nyumbani, nikipunguza sukari nitapata nafuu kubwa?

gramu_kwa_gramu

Nafuu ndogo kuliko unavyofikiri. Chukua keki ya kawaida: siagi gramu 200 ni 1,434, sukari gramu 200 ni 774, unga gramu 200 ni 728, mayai manne 286. Jumla 3,220. Ikiiva ipime nzima, tuseme imetoka gramu 730. Gawanya: kalori 4.4 kwa kila gramu. Kipande cha gramu 60 ni 265. Andika hiyo 4.4 kwenye karatasi ubandike juu ya kopo la keki, kila ukikata unapima na kuzidisha tu.

Sasa toa robo ya sukari, gramu 50. Umeokoa 194 kwa keki nzima. Kwa vipande 12 ni kama 16 kwa kipande. Ladha na ulaini vimepungua, kwa sababu sukari ndiyo inayoshika unyevu, na huenda ukala kipande cha pili kufidia. Ukikata gramu 45 badala ya 60 umeokoa 66 bila kugusa mapishi.

Pa kukata kwa nguvu ni krimu ya juu. Siagi gramu 100 na sukari ya unga gramu 200 ni 1,500 hivi, yaani 125 zaidi kwa kila kipande. Iache, chekechea sukari ya unga kijiko kimoja tu juu ya keki nzima. Keki iliyobaki ikate vipande siku hiyo hiyo, kila kimoja kifunge peke yake na kiandikwe gramu zake, uviweke kwenye friza. Keki ya siagi inaganda na kuyeyuka vizuri, na ukitaka unatoa kimoja asubuhi, kinakuwa tayari jioni.