Picha 6,000 za kifua: lebo aziweke nani?

Mwanamionzi wa Chumbageni:
Wakuu, habari za usiku. Napiga picha za eksirei hapa Tanga mjini, mwaka wa kumi na moja huu. Daktari anayezisoma ni mmoja. Nikifunga chumba jioni, foleni yake kwenye kompyuta huwa bado na picha sitini na zaidi, nazo hupangwa kwa saa tu: aliyekuja kupimwa ili aajiriwe husomwa kabla ya anayehema kwa tabu, kwa kuwa alitangulia kufika. Mwezi uliopita kijana mmoja alilala na hewa imembana pafu la kushoto, picha yake ikasomwa asubuhi. Amepona, alhamdulillah. Ila ile picha niliipiga mimi, na bado naiona.

Nataka programu ya kuzitanguliza picha za dharura. Nimeruhusiwa kutumia picha 6,000 za kifua pamoja na ripoti zake. Mpwa wangu anayesomea kompyuta anasema programu isome ripoti, ikikuta neno nimonia basi picha ipewe lebo ya nimonia, mashine ijifunzie hapo. Je, inafaa?

Daktari mstaafu, Raskazone:
Pole, binti yangu. Njia inayofanana na ya mpwa wako imeshajaribiwa, ikaonekana ina kasoro. Mwaka 2017 taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, NIH, ilitoa picha 112,120 za kifua za wagonjwa 30,805. Lebo zake, za magonjwa 14, programu ilizichuma kwenye ripoti. Daktari wa mionzi wa Australia, Luke Oakden-Rayner, akaziangalia kwa macho yake, akakuta nyingi haziendani na picha.

Lakini kuna jambo zito kuliko lebo kukosewa. Katika picha zilizoandikwa kuwa hewa imevuja nje ya pafu na kulibana, kama ya kijana wako, nyingi zilikuwa za watu waliokwisha kutibiwa, mpira wa kutolea hewa unaonekana ubavuni. Mashine ikifunzwa hivyo huuzoea mpira. Kijana wako hakuwa na mpira. Ndiye ambaye ingempita.

Mwandika programu:
Shikamoo daktari. Dada, niongeze la ripoti. Madaktari hutaja ugonjwa mara nyingi ili kuukana: "hakuna dalili ya nimonia". Programu inayotafuta neno tu itaweka lebo hapo hapo. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2019, kwenye picha zao 224,316, waliipa programu majibu matatu: upo, haupo, haijulikani. Hilo la tatu lishike sana. Daktari akiandika "huenda", usimlazimishe aseme ndiyo.

Na majina yaondoe kabla mpwa wako hajagusa faili hata moja, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Angalia na kwenye picha yenyewe, mashine za zamani huandika jina pembeni, juu ya picha.

Mpiga picha mwenzio, Korogwe:
Herufi ya madini ya risasi je, ile tunayoweka kwenye picha kuonyesha kulia na kushoto? Kila hospitali ina yake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 ulionyesha mashine ya nimonia iliweza kujua picha imetoka hospitali gani, ikaegemea hapo. Sisi mashine ya magurudumu inakwenda wodini kwa waliozidiwa. Usishangae yako ikijifunza kuwa picha ya kitandani ndiyo ugonjwa.

Mwanamionzi wa Chumbageni:
Shikamoo daktari. Nyote ahsanteni.

Mmenikumbusha misuko. Dada akija na rasta ndefu zikaangukia mabegani, kwenye picha hutoka michirizi juu ya pafu, pale pale TB inapopenda kukaa. Mimi humkusanyia nywele utosini nikazifunga kwa kitambaa, lakini usiku chumba kikijaa mtu husahau. Ripoti haisemi neno juu ya misuko. Anayejua ni aliyepiga picha.

Basi nitaanza na ninachokijua: amesimama au amelala, mashine ipi, mpira upo au haupo, misuko, vifungo. Lebo za ugonjwa nitamwomba daktari wetu aziweke kwenye picha 300 kwanza, bila kuonyeshwa ripoti.

Daktari, nina swali moja. Wazee waliopasua mawe miaka mingi, picha zao zinafanana mno na za TB. Niwape lebo yao?

Daktari mstaafu, Raskazone:
Marahaba. Wape. Silikosi, yaani ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe, hukaa sehemu za juu za mapafu kama TB, na mwenye silikosi hupata TB kwa urahisi zaidi, kwa hiyo lebo moja isifute nyingine. Picha moja inaweza kubeba zote mbili. Muulize na kazi aliyofanya ujanani, wakati unampanga mbele ya mashine. Kwenye ripoti hutaikuta.